Shamba la Mfano

Jumanne saa tatu asubuhi Clifford Onditi alibandika orodha ya wavivu kwenye ukuta wa mashine ya unga, na jina la kwanza kabisa lilikuwa la mama yake mzazi.

Karatasi yenyewe aliichapisha Migori mjini kwa pesa yake mwenyewe. Ilikuwa na majina ishirini na manne, wanachama wote wa kikundi cha Konyruok, na mbele ya kila jina duara jekundu. Nyekundu ni mtu ambaye hajapanda. Kijani ni aliyepanda, na kijani hakikuwepo hata kimoja. Hakuwa amemtanguliza mama yake kwa ubaya. Alinakili tu daftari la kikundi, na daftari hilo tangu zamani lilianza na nyumba ya kwanza ya kilima kile, nyumba ya marehemu baba yake, kisha likateremka nyumba baada ya nyumba mpaka kwa wadogo. Angelisoma daftari lile kwa makini, angejiepushia mengi. Lakini Clifford alikuwa na daftari lake jingine.

Hilo jingine alipewa Homa Bay, kwenye semina ya siku mbili hotelini, chai kwa sambusa, na mwalimu aliyevaa suti iliyombana kwapani. Kampuni ya kununua soya ilikuwa imemwajiri kwa miezi mitatu ya majaribio, ikampa pikipiki, ikamkabidhi kilima cha kwao karibu na Uriri akisimamie. Semina ilikuwa ya kumfanya kiongozi. Clifford aliandika kila kitu. Kiongozi hutangulia, wengine hufuata. Kiongozi hutoa lengo na tarehe. Kinachopimwa ndicho kinachofanyika. Ule mstari wa kwanza aliupigia mistari miwili chini yake.

Na kweli alitangulia. Mvua ya kwanza ya Machi ilipogusa ardhi tu, alipanda soya kwenye ekari yake ya kando ya barabara, akasimamisha kibao cha kampuni kilichoandikwa SHAMBA LA MFANO. Sasa soya ilikuwa na majani, imenyooka mistari kama watoto wa nasari kwenye paredi. Kuizunguka, kilima kizima kilikuwa kimelimwa na kusawazishwa, kisha kikaachwa vivyo hivyo, kitupu, mvua ikiingia wiki ya tatu.

"Mama zangu," aliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja unga wao, "mimi sielewi. Mbegu mnayo. Mbolea mnayo. Mashamba yamelimwa. Mvua ndiyo hiyo. Shida iko wapi?"

Adhiambo, katibu wa kikundi, ambaye siku nyingine humalizi kumsalimu kabla hajakupa habari za kilima kizima, alikuwa akikung'uta unga kwenye leso yake.

"Ijumaa bosi anakuja kutoka Migori. Akikuta hamjapanda, mbegu zinarudi kwa lori na soko linapewa kikundi kingine. Mmesikia?"

"Tumesikia, ofisa," Adhiambo akasema.

"Kuna swali?"

"Hakuna."

"Basi mtapanda lini?"

"Tutapanda."

"Lini, Adhiambo?"

"Si tumesema tutapanda, ofisa."

Mama yake, ambaye kilima kizima kilimwita Mama Maranga kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi. Alisimama, akaisogelea karatasi, akaweka kidole chini ya jina lake na kulisoma silabi kwa silabi, kama alivyojifunza kusoma Biblia ukubwani. Kidole kikafika kwenye duara.

"Na hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni alama tu, Mama."

"Alama ya nini?"

"Ya kwamba hujapanda."

"Aa," mama akasema. Akajitwika unga wake, akaenda zake. Hakuna aliyecheka, na Clifford alipaswa kuogopa hapo hapo. Badala yake aliwasha pikipiki.

Jumatano alijaribu motisha, kwa kuwa daftari lilisema watu hawasukumwi, wanavutwa. Aligawa fulana za kampuni. Walizipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakazivaa papo hapo juu ya magauni. Akaahidi kilo mbili za sukari kwa atakayepanda wa kwanza. Neno hilo, "wa kwanza", liliwafanya watazamane, kisha kila mmoja akakumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

Saa sita mvua ikamrudisha nyumbani, amelowa chapachapa. Mke wake, Edinah, alikuwa anamlisha mtoto wao Hope uji. Edinah ni wa Kisii, na wawili hawa lugha yao tangu siku ya kwanza ilikuwa Kiswahili.

"Mvua nzuri namna hii inaanguka kwa udongo mtupu!" Clifford alirusha kofia yake mezani. "Watu wa hapa wanapenda umaskini, Mama Hope. Nimewapa kila kitu. Nimewapa tarehe, nimewapa fulana. Bosi Mosoti amenipigia mara mbili leo. Anasema kwa ripoti yangu kilima ni sifuri. Sifuri! Ijumaa ikifika hivi, pikipiki inaenda, kazi inaenda, na tunarudi kula kwa mama kama miaka ile minne bila kazi."

"Baba Hope, keti kwanza."

"Siketi. Wanaponiangalia unajua wananiangalia aje? Kama mtu ako na kinyesi kwa kiatu na hakuna anataka kumwambia."

"Ni hivyo kabisa," Edinah akasema.

Clifford akageuka.

"Nilikuambia ile siku ulipanda. Ukasema niachane na mambo ya kijiji. Wewe ulimruka mama. Umepanda kabla yake, na kabla ya Maranga. Sasa nyumba ya kwanza imerukwa, na wale wengine wote wako chini ya hiyo nyumba. Nani atagusa mbegu?"

"Ah, hiyo!" Clifford alicheka kwa hasira. "Nani hajui hiyo? Mama kwanza, Maranga wa pili, mimi wa tatu, halafu wengine. Lakini hiyo ni ya mahindi, Edinah. Ni ya chakula cha boma. Hii ni soya. Ni ya kampuni. Kampuni haina mama, haina kaka mkubwa."

"Jembe lilikuwa la kampuni?"

Clifford aliichukua tena kofia mezani, akaikamua maji.

"Mkono ulioshika jembe ulikuwa wa kampuni?"

"Sasa na wewe Mkisii ndiye utanifundisha mila ya Wajaluo?"

"Mimi nilifundishwa kwa kufokewa," Edinah akasema, na sauti yake ikapanda. "Mwaka ule ulinioa, nilitupa mahindi nyuma ya nyumba, laini tatu tu. Shangazi zako watano walikuja mbio kama nyumba inaungua. Waliniambia nataka kuua watu wa hii boma na chira. Sikujua hata chira ni nini. Nikaambiwa ni ugonjwa wa kukonda mpaka unaisha, kwa sababu mtu ameruka mwiko. Nililia siku mbili. Wewe ulikuwa kazini Nakuru. Siwezi kusahau."

"Na kwa nini hakuna mtu ameniambia? Watu ishirini na wanne! Wiki tatu!"

"Ulimuuliza nani? Unasema 'Kuna swali?' huku umeshika funguo ya pikipiki. Na ile grupu ya WhatsApp ulifunga, anayeandika ni wewe peke yako."

"Nilifunga kwa sababu walikuwa wanatuma maua na maombi kila asubuhi."

"Basi. Sasa hawatumi chochote."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata wakashindwa kusikilizana, na Clifford akaketi. Kilichomchoma hasa hakikuwa mila. Kilichomchoma ni kwamba kilima kizima kilijua, watoto wa shule walijua, hata mwenye mashine ya unga aliyemruhusu kubandika ile karatasi alijua, naye akipita katikati yao na pikipiki, akipiga honi.

Alhamisi asubuhi alimkuta mama yake mlangoni akichambua maharagwe. Jembe lake lilikuwa limeegemezwa ukutani na kando yake mfuko wa mbegu, haujafunguliwa. Ulikuwa pale tangu mvua ya kwanza.

"Mama, nimekuja."

"Nimeona. Leo umekuja kwa miguu."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nikuambie nini, wuoda, mwanangu? Mtu mzima amesoma, ameenda semina Homa Bay, amepanda mbele ya mama yake barabarani kila mtu akiona. Nilisema labda amehama hii nyumba, ana boma lake mahali. Nikangoja uje. Wiki ya kwanza nikangoja. Ya pili nikangoja. Jumanne ukaja." Alitupa harage bovu uani. "Ukaja na kalamu nyekundu."

Clifford akainamisha kichwa. Maneno aliyokuja nayo, ya soya kuwa ya biashara na kampuni kutokuwa na mila, aliyaacha hapo hapo mlangoni.

"Sasa nifanye nini?"

"Ng'oa."

"Mama!"

"Ng'oa yote. Kanisa lilituondolea mambo mengi, na mengine sikuyalilia. Sikuambii tunywe dawa, sikuambii tuchinje. Lakini siwezi kupanda nyuma yako. Ng'oa, halafu mimi nipande, halafu Maranga apande."

"Ile soya ndiyo kazi yangu. Bosi anakuja kesho kuangalia hiyo, hiyo ndiyo inapigwa picha. Nikiing'oa nimejiachisha kazi kwa mkono wangu."

"Na wao?" Mama alielekeza mdomo upande wa kilima. "Nyumba ishirini na tatu zitakula kibao chako?"

"Basi nitang'oa, halafu nitapanda baada ya Maranga, leo leo, angalau bosi akute—"

"Hapana. Uliwaruka wote. Utapanda wote wakimaliza, nyumba ya mwisho ikishafukia."

"Kesho ni Ijumaa, Mama. Jua likitua ni Sabato, hakuna kushika jembe."

"Basi waombe waharakishe. Si wewe ni kiongozi wao?"

Alisema hivyo bila kucheka, akarudi kwenye maharagwe yake. Clifford alitamani kumfokea mtu, akakosa wa kumfokea.

Maranga alikuwa Karungu, ufuoni, akitengeneza mashine za boti. Hawakuwa wamezungumza tangu mwezi wa tatu uanze. Clifford alimpigia akiwa amesimama kando ya barabara, chini ya kibao.

"Halo, bwana mkubwa," Maranga akaitika.

"Ni mimi, Clifford."

"Najua. Si ndiyo nasema bwana mkubwa. Wewe ndiye ulitangulia. Siku hizi mimi ni mdogo wako, nangoja tu uniambie ninyoe ndevu lini."

"Maranga, njoo nyumbani leo. Mama anapanda."

"Kuna mashine inanguruma hapa. Sikusikii."

"Nimesema nimekosa!"

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na maji wakapunguza mwendo.

"Sema tena kidogo, mtandao ni mbaya."

"Nimekosa, kaka. Nimekosa. Njoo."

Kule nyuma ya Maranga hakukuwa na mashine yoyote iliyonguruma. "Tuma nauli," akasema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Saa saba nitakuwa hapo."

Clifford alituma nauli, kisha akaingia shambani.

Soya iling'oka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Udongo ulikuwa laini kwa mvua na mche ulitoka na mzizi wake wote, safi. Wiki tatu za kuamka alfajiri, za kupima nafasi kwa kamba na rula, zilimalizika rundo baada ya rundo. Wanachama wa Konyruok walikuja wakasimama kwenye mpaka, wamevaa fulana za kampuni, wakatazama. Hakuna aliyeingia kumsaidia. Haikuwa roho mbaya. Kosa la mtu hulitengua mwenyewe na watu wa nyumba yake. Edinah alimpa Adhiambo mtoto, akaingia, akaanza mstari wa pili.

"Wewe acha," Clifford akamwambia.

"Mimi ni wa nyumba gani?"

Waling'oa mpaka saa saba na nusu. Maranga alikuwa amefika, ameketi juu ya jiwe na kofia yake magotini, na safari hii hakuwa na mzaha. Clifford aliponyoosha mgongo, ekari ile ilikuwa nyeusi kama mashamba mengine yote, ila kibao tu. Mama Maranga akashuka na jembe lake mpaka shambani kwake. Aliomba sala fupi, akachimba, akatupa mbegu, akafukia kwa unyayo. Mstari mmoja. Maranga akachimba wake kwenye shamba lake. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele.

Kisha kilima kikafunguka. Clifford hajawahi kuona kitu kama hicho. Ng'ombe wa plau walitoka kwenye maboma matano kwa mara moja, kana kwamba walikuwa wamefungwa nira tangu alfajiri. Adhiambo alirudishiwa mdomo wake. Alisikika kutoka bondeni akiwapanga watu, hawa huku, wale kule, nyumba ile ina mgonjwa, ipandiwe. Watoto waliotoka shule walitupa mbegu. Hakuna aliyeuliza lengo ni ekari ngapi. Saa moja jioni walikuwa wamemaliza mashamba kumi na tano, na Ijumaa saa nne asubuhi mtu angeweza kuyahesabu yaliyobaki kwa vidole vya mkono mmoja.

Clifford alibeba magunia ya mbegu. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa na ghadhabu ya mtu aliyesukuma mlango wiki tatu, akaonyeshwa kwamba unavutwa.

Mosoti alifika saa tisa alasiri kwa pikapu, na dereva wake. Alikuwa mtu mpole, mchovu, wa viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Alisimama mbele ya kibao, akasoma, akatazama udongo, akasoma tena.

"Onditi, hili ni shamba la mfano wa nini?"

"Niliing'oa, bosi. Lakini mashamba yote yamepandwa. Yamebaki mawili na wako ndani saa hii."

"Uliing'oa. Soya ya kampuni."

Clifford alieleza. Alieleza vibaya, akianza katikati, akirudi nyuma, Edinah akimsahihisha kwa macho. Adhiambo alipiga magoti, akafukua udongo kwa kidole, akainua mbegu moja iliyovimba maji.

"Angalia, bwana. Iko hapa. Kilima chote iko."

Mosoti aliitazama ile mbegu kwa heshima. "Ninaiona, mama. Mbegu zenu hazirudishwi, soko lenu liko. Hilo nitaliandika." Kisha akamvuta Clifford kando, ingawa si mbali vya kutosha. "Hata kwetu kuna mambo ya wazee. Mimi pia nina mama. Lakini ripoti haina mahali pa mama. Wanataka picha ya shamba la mfano, na kwa simu yangu ninayo ya wiki iliyopita, kijani, na ya leo, udongo. Nitasema nini? Ungenipigia, Onditi. Hata wewe hukuniambia."

"Ungenielewa, bosi?"

Mosoti alifikiri. "Sijui," akasema. "Lakini ungeniuliza."

Dereva aliking'oa kibao, akakilaza kwenye pikapu. Kisha akaomba ufunguo wa pikipiki. Waliipandisha wakisaidiwa na Maranga, mbele ya wanachama wote, na Mosoti akasema tutakupigia, ile tutakupigia ambayo kila mtu anaijua. Gari likashuka kilima. Katika ekari ya Clifford yalibaki matundu mawili ya nguzo.

Edinah alimshika mkono. Clifford akautoa, si kwa ubaya, akaondoka kwa miguu mpaka mashine ya unga. Alitaka kuichana ile karatasi vipande vipande, ili angalau kitu kimoja siku hiyo kimtii.

Mvua ilikuwa imechuja wino, lakini majina yalisomeka. Mbele ya kila duara jekundu mtu alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu ya bluu, kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mpangilio ule ule waliopanda. Alama ya mwisho ilikuwa mbichi. Na chini kabisa, mahali pasipokuwa na jina, palikuwa na maandishi makubwa yaliyoyumba, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

*25. Clifford. Bado.*

Hasira ilimpanda, ya mama yake, ya semina, ya Mosoti na viatu vyake, ya miezi mitatu iliyokwenda na maji. Haikushuka. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika ncha ya karatasi.

Hakuing'oa. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja, na ekari ni kubwa kwa watu wawili. Akageuka, akaanza kukimbia kurudi nyumbani, na alipofika kwenye kona akawaona wamejipanga kwenye mpaka wa shamba, wote na fulana za kampuni, majembe mabegani, na mama yake mbele yao na bakuli la mbegu.

"Nani alisema mje?" akauliza, akihema.

"Hakuna," Adhiambo akasema. "Tulikuwa tunangoja zamu yako, ofisa."